Asidi na besi: Ni nini huipa moja nguvu na kuiacha nyingine dhaifu?

Siki ya saladi, waragi, maji ya betri ya gari na dripu ya kwinini ni vitu ambavyo wakazi wengi wa Kampala wamewahi kuviona au kuvisikia. Vyote vinaingia katika mada moja ambayo wanafunzi wa kemia wa kidato cha tano na cha sita huiona kuwa ngumu: nguvu ya asidi na besi. Ufafanuzi huu unaeleza msingi wa mada hiyo, na kwa nini ni hatari kuuchanganya na mambo mengine.

Maana ya asidi na besi

Mwaka 1923, wanakemia wawili, Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, walitoa fasili inayotumika hadi leo, kila mmoja akifanya kazi yake peke yake. Asidi, ambayo wengi huiita tindikali, ni kitu kinachotoa protoni, yaani kiini cha atomu ya haidrojeni. Besi ni kitu kinachoipokea protoni hiyo.

Asidi yenye nguvu huachia protoni zake karibu zote inapotiwa majini. Asidi dhaifu huachia chache tu na kuzishikilia nyingine. Kipimo chake huitwa pKa: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo asidi inavyokuwa na nguvu zaidi. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara 10.

Kutoka pombe hadi siki

Pombe ya ndizi, tonto, ikiachwa wazi kwa siku kadhaa huwa chachu. Bakteria hutumia oksijeni ya hewani kuigeuza ethanoli, yaani kileo kilichomo pia katika waragi, kuwa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki.

Ethanoli na asidi ya asetiki zote zina haidrojeni iliyoshikamana na oksijeni. Hata hivyo, nguvu zao zinatofautiana mno:

- Ethanoli: pKa takriban 16
- Fenoli: takriban 10
- Asidi ya asetiki: takriban 4.8
- Asidi ya fomiki, inayotolewa na baadhi ya sisimizi: takriban 3.8
- Asidi ya trikloroasetiki: takriban 0.7

Kati ya ethanoli na asidi ya asetiki pana tofauti ya karibu mara bilioni 100. Je, inatoka wapi?

Jibu limo katika kile kinachobaki baada ya protoni kuondoka. Kinachobaki huwa na chaji hasi, na chaji hiyo ni mzigo. Katika ethanoli, mzigo wote huelemea oksijeni moja. Katika asidi ya asetiki, oksijeni mbili hugawana mzigo huo kwa usawa. Penye kugawana mzigo, kinachobaki hutulia, na kikitulia, protoni huachiwa kwa urahisi. Fenoli iko katikati kwa sababu oksijeni yake hupata msaada wa pete ya kaboni sita, lakini kaboni haziupendi mzigo huo kama oksijeni inavyoupenda.

Njia ya pili ya kuongeza nguvu ni mvuto wa majirani. Atomu za klorini huzivuta elektroni kuelekea kwake. Ndiyo maana asidi ya trikloroasetiki, yenye klorini tatu, ina nguvu zaidi ya mara elfu 10 kuliko asidi ya siki.

Besi na dawa ya malaria

Katika kemia ya kaboni, besi nyingi ni zile zenye nitrojeni. Nitrojeni hiyo huwa na jozi huru ya elektroni, na jozi hiyo ndiyo inayoidaka protoni. Jozi ikiwa wazi, besi huwa na nguvu. Ikishughulishwa na sehemu nyingine ya molekuli, au ikishikwa kwa karibu na nitrojeni yenyewe, besi hudhoofika.

Kwinini ni mfano mzuri. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1820 na Wafaransa Pierre Joseph Pelletier na Joseph Caventou, kutoka katika magome ya mti wa sinkona. Mti huo hulimwa hata katika ukanda wetu, na kiwanda cha Pharmakina mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kinajulikana kwa kutengeneza kwinini kutokana na magome hayo.

Molekuli ya kwinini ina nitrojeni mbili zisizolingana. Moja, ambayo jozi yake iko wazi, ni besi yenye nguvu ya wastani. Nyingine, iliyo ndani ya pete bapa, huishikilia jozi yake kwa karibu zaidi, nayo ni dhaifu sana kwa kulinganisha.

Tofauti hii ina faida hospitalini. Kwinini tupu huyeyuka kwa shida majini. Ikichanganywa na asidi hupokea protoni, ikawa chumvi inayoyeyuka vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo, vidonge hutengenezwa kwa chumvi ya salfeti, na dripu kwa chumvi ya dihaidrokloridi.

Nguvu, ukolevu na hatari si kitu kimoja

Nguvu ni tabia ya molekuli. Ukolevu ni wingi wa molekuli hizo ndani ya maji. Katika siki ya kawaida, chini ya molekuli moja katika kila 100 huwa imetoa protoni yake. Lakini asidi hiyo hiyo ya asetiki, ikiwa haina maji, huunguza ngozi vibaya.

Wala neno "dhaifu" halimaanishi salama. Asidi ya haidrofloriki huhesabiwa kuwa dhaifu, ilhali hupenya ngozi na kuharibu tishu hadi mifupa, na inaweza kuua.

Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, yenye nguvu na iliyokolea vya kutosha kuunguza. Mtu akimwagikiwa, avuliwe haraka nguo zilizolowa, kisha aoshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20. Asipakwe majivu, magadi wala chokaa kwa nia ya kuiua asidi: asidi na besi zikikutana hutoa joto, na joto hilo huongeza jeraha. Baada ya hapo apelekwe hospitali bila kuchelewa. Jijini Kampala, Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Kiruddu ina kitengo maalumu cha wagonjwa walioungua.