Ithibati ya elimu ya juu Tanzania

Ithibati ya elimu ya juu ni uthibitisho wa chombo cha umma kwamba chuo, au programu fulani ya masomo, kimefikia viwango vilivyowekwa kuhusu walimu, mitaala, maktaba, maabara na uendeshaji. Nchini Tanzania, kwa upande wa vyuo vikuu, kazi hiyo hufanywa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (kifupi: TCU). Ithibati ya chuo na ithibati ya programu ni mambo mawili: chuo chenye usajili halali kinaweza kuzuiwa kupokea wanafunzi katika programu mojawapo.

Historia

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (1970) na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (1984) viliundwa kwa sheria za bunge, na serikali ilivisimamia yenyewe. Hali ilibadilika miaka ya 1990, watu binafsi na mashirika ya dini waliporuhusiwa kufungua vyuo vikuu. Mwaka 1995 Sheria ya Elimu ilirekebishwa na kuunda Baraza la Ithibati ya Elimu ya Juu, lililoshughulikia vyuo binafsi pekee. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliweka TCU mahali pake na kuvileta vyuo vya umma chini ya usimamizi huohuo.

Uzito wa mamlaka hayo ulionekana mwezi Julai 2017, TCU ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia programu 75. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kuomba nafasi huko walilazimika kutafuta kwingine.

Mpuguso na vyuo vya ualimu

Si kila chuo kinachofuata baada ya sekondari kiko chini ya TCU. Mpuguso ni kata ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, jirani na mji wa Tukuyu. Chuo cha Ualimu Mpuguso kilichopo huko ni cha serikali, chini ya wizara ya elimu. Ni miongoni mwa vyuo vinne vilivyojengwa upya kwa msaada wa Kanada. Vingine ni Kitangali, Ndala na Shinyanga. Mitihani ya kuhitimu ya vyuo vya ualimu vya aina hii hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Kwa mwalimu mwenye stashahada, TCU huanza kumhusu anapotaka shahada, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji jijini Mbeya au Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa mjini Iringa. Hapo sifa za kujiunga lazima zikidhi vigezo vya tume.

Tathmini na mikutano ya wahadhiri

Kabla ya wakaguzi kufika, chuo hujitathmini na kuandika ripoti yake. Kisha wataalamu, wengi wao wahadhiri wa vyuo vingine, hukitembelea, huzungumza na wanafunzi na kulinganisha ripoti na hali halisi. Kwa hiyo mhadhiri huweza kukaguliwa mwaka huu na kuwa mkaguzi mwakani. Ndiyo sababu mafunzo na mikutano ya uthibiti ubora ina uzito kwa watumishi wa vyuo.

Kikanda, mikutano hiyo huratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala. Tangu mwaka 2006 baraza hilo, likishirikiana na taasisi za Ujerumani, limeandaa mwongozo wa pamoja na kufundisha maofisa wa ubora. Baadaye maofisa hao waliunda mtandao wao.

Tarehe 20 Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana Dar es Salaam, walitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hata hivyo kila nchi ilibaki na chombo chake: Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Shahada iliyopatikana nje ya Tanzania hutambuliwa nchini kupitia TCU.