Nafsi Neni ya Kijana katika "Malaika": Penzi la Kwanza na Suala la Utunzi

Mjadala kuhusu wimbo "Malaika" umetawaliwa mno na swali la nani aliyeutunga. Fadhili William (1938–2001), mzaliwa wa Taita, ndiye aliyeurekodi Nairobi pamoja na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ni kwa jina lake ulikofahamika zaidi. Adam Salim, mwenyeji wa Tanganyika, alishikilia kwamba aliutunga mnamo 1945 kwa sababu ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi wake hawakumtaka mchumba asiye na mali. Madai hayo hayajapatanishwa, na yamkini hayatapatanishwa. Lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba matini yenyewe ndiyo inayoyapa uhai.

Katika matini hiyo hamna jina la mtu, mahali wala mwaka. Nafsi neni inajitambulisha kwa jambo moja: kwamba ni kijana, tena wa rika moja na anayeambiwa. Uteuzi huu una uzito. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki za kipindi hicho, kijana alifikia umri wa kupenda kabla ya kufikia uwezo wa kuoa. Mahari ilikuwa mikononi mwa wazee, ama ilitafutwa kwa kazi ya ujira mjini. Kizuizi cha penzi hili, basi, si usaliti wala mpinzani, bali ni fedha. Kisarufi, mzigo wote umebebwa na kiambishi -nge-, ambacho hulitaja tendo la kuoa na kulikana papo hapo. Wimbo hausemi kwamba penzi limekwisha, unaliacha likining'inia. Ndiyo maana mtu mzima huusikia kama kumbukumbu, ilhali kijana huusikia kama lalamiko la leo.

Miriam Makeba alipouimba katika albamu aliyoshirikiana na Harry Belafonte mwaka 1965, jambo jingine lilizuka. Kwa Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba hakukigeuza kitenzi. Mswahili alimsikia mwanamke akibeba unyonge wa mwanamume (jambo lisilo geni kwa aliyezoea taarab), ilhali hadhira ya ng'ambo, isiyoijua lugha, iliambulia utamu wa lahani tu. Boney M waliurekodi mwaka 1981, Angélique Kidjo mwaka 1991. Katika safari hiyo, kilichodondoka mapema zaidi ni ule umaskini uliomzuia kijana kuoa.

Kinaya ni kwamba wimbo unaolilia ukosefu wa mali uligeuka kuwa mali ya kugombewa. Simulizi ya Salim imeegemezwa juu ya yule msichana, kana kwamba penzi ni hati ya umiliki. Lakini kijana yeyote wa 1945, au wa 1960, aliyenyimwa mchumba kwa kukosa mahari, angeweza kuuleta ushahidi uo huo.