Nani Alipie Sindano ya Mbwa? Kichaa cha Mbwa, Ustawi wa Wanyama na Mchango wa Jamii

Ikisiri

Makala haya yanapinga desturi ya kumtoza mfugaji ada pale anapoleta mbwa wake kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Kwa kutumia ushahidi kutoka Pemba, Serengeti na N'Djaména, yanadai kwamba kinga ya mbwa ni manufaa ya wote, kwa hiyo gharama yake ibebwe kwa pamoja. Yanaonyesha pia kuwa mchango wa jamii una kazi yake mahususi, ambayo ni kuifanya huduma isikatike baada ya wafadhili kuondoka.

Utangulizi

Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote Afrika na Asia, na takriban 40% ya waathirika ni watoto walio chini ya miaka 15. Mbwa ndiye chanzo cha zaidi ya 99% ya maambukizi kwa binadamu. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa hana tiba ya kutegemea. Hata hivyo, Louis Pasteur alionyesha mwaka 1885 kwamba aliyeng'atwa anaweza kuokolewa kwa chanjo kabla virusi havijafika kwenye ubongo, na chanjo ya mbwa iliyopo leo ni salama, inafanya kazi vizuri na bei yake ni ndogo. Kama silaha tunayo na bado tunazika watoto, basi tatizo liko katika namna tunavyoigharamia na kuifikisha kazi hiyo.

Katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki, chanjo ya mbwa huja kwa njia mbili. Huja bure pale mradi wa wafadhili unapopita, kisha mradi unapokwisha mwenye mbwa hurudi kuambiwa alipie. Njia hizi mbili zinapokezana kwa namna ambayo ugonjwa hupata nafasi ya kurudi. Dai langu ni kwamba ada inayotozwa mbele ya meza ya chanjo ni kosa la kisera, na kwamba utamaduni wetu wa kuchangishana, tukiutumia mahali pake, unaweza kuziba pengo ambalo ada imeshindwa kuliziba.

Hesabu ya kinga

Kichaa cha mbwa hakienei kwa kasi kama surua. Tafiti zilizokusanya takwimu za nchi mbalimbali, Serengeti ikiwemo, zinaonyesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa wasiofika wawili. Ndiyo maana inawezekana kuukata mnyororo wa maambukizi bila kumchanja kila mbwa. Lengo linalopendekezwa kimataifa ni kuchanja 70% ya mbwa wote wa eneo husika kila mwaka.

Kiwango hicho kinaonekana kikubwa kuliko hesabu ya maambukizi inavyodai, lakini kina sababu yake. Mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu. Wengine hufa, wapya huzaliwa, na kila mtoto wa mbwa anayezaliwa baada ya kampeni huingia mtaani bila kinga. Kijiji kilichofikia 70% mwezi Julai kinaweza kufika Juni inayofuata kikiwa na nusu ya kinga hiyo. Kuanza juu ni kujiwekea akiba ya kufikia kampeni nyingine.

Hesabu hiyo ina jambo la pili, ambalo ndilo msingi wa hoja yangu. Wastani wa wilaya hautoshi. Wilaya inaweza kutangaza mafanikio huku vitongoji vitatu vya pembezoni vikiwa havikufikiwa kabisa, na virusi vikaendelea kuzunguka humo hadi kinga ya majirani ipungue. Mapengo ndiyo yanayouweka ugonjwa hai. Kwa hiyo kila utaratibu unaowabagua watu wa aina moja, au wa eneo moja, ni wa hatari kuliko unavyoonekana kwenye jedwali.

Ada mbele ya meza

Tutazame kituo cha chanjo chenyewe. Meza iko chini ya mwembe wa shule ya msingi. Kwenye foleni wengi ni watoto, kwa kuwa wao ndio wanaomudu kumkamata mbwa wa nyumbani na kumfunga kamba ya katani shingoni. Mtaalamu wa mifugo anafungua kisanduku chenye barafu, anavuta mililita moja ya dawa, mtoto anamshika mbwa kichwa, sindano inaingia chini ya ngozi. Mwenzake anajaza kadi: jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, rangi, jinsia, umri. Mbwa anavishwa ukanda wa plastiki shingoni ili jioni wahesabuji wakipita mtaani wajue nani kachanjwa na nani bado. Kazi yote hiyo haizidi dakika chache.

Tuweke sasa daftari la stakabadhi juu ya meza hiyo. Mtoto hana pesa. Anarudi nyumbani na mbwa wake. Mfugaji wa ng'ombe mwenye mbwa watano wa kulinda zizi anapiga hesabu, anamleta mmoja. Bibi anayeishi peke yake na mbwa mmoja wa mlangoni haji kabisa. Wanaobaki nje ni maskini, wenye mbwa wengi na wakaao mbali, ambao ndio walio karibu zaidi na hatari. Ada inatengeneza yale mapengo ambayo ugonjwa unayahitaji.

Jambo hili limepimwa. N'Djaména, mji mkuu wa Chad, kampeni ya mwaka 2006 iliyowatoza wenye mbwa ilifikia takriban 24% tu ya mbwa. Katika mji huohuo, kampeni za bure za mwaka 2012 na 2013 zilifikia karibu 70%, na maambukizi yakakatika kwa miezi kadhaa.

Ada inashindwa kwa sababu mwenye mbwa anaponunua sindano, sehemu kubwa ya manufaa inakwenda kwa wengine: mtoto wa jirani anayepita njia hiyo kwenda shule, mwendesha bodaboda anayekimbizwa usiku, ng'ombe wa kijiji cha pili. Hatuwatozi wenye nyumba zinazoungua nauli ya gari la zimamoto, kwa kuwa tunajua moto hauishii kwenye paa la mmoja.

Funzo la Pemba

Kisiwa cha Pemba kinatoa ushahidi ulio wazi kuliko wote katika eneo letu. Watafiti waliofuatilia kila tukio la kung'atwa na kuchunguza vinasaba vya virusi waligundua minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikizunguka kisiwani kuanzia mwaka 2010. Chanjo ya kila mwaka ilipoanza na kuboreshwa hadi kufika kisiwa kizima, mbwa wagonjwa walipungua, wanaong'atwa wakapungua, na kufikia Mei 2014 minyororo yote ilikuwa imekatika.

Kisha chanjo ikazorota. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa tena kisiwani mara mbili, vikakuta mbwa wasio na kinga, na mlipuko ukaanza upya. Ilibidi kampeni za kisiwa kizima zirejeshwe ndipo ugonjwa ukatokomezwa tena, Oktoba 2018.

Watu wa Pemba walithibitisha kwamba kazi inawezekana, na mbwa wao walikuwa wakiletwa. Kilichopungua ni mwendelezo. Fedha zinazokuja kwa msimu huleta kinga ya msimu. Jamii yoyote inayotaka kuufuta ugonjwa huu inahitaji chanzo cha fedha na cha nguvu kazi ambacho hakifungi ofisi ripoti ya mwisho inapowasilishwa.

Mbwa kama kiumbe mwenye haki

Mpaka hapa nimemzungumzia mbwa kama njia ya kumlinda binadamu. Hoja hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, na nadhani inaidhoofisha kazi yenyewe ikibaki peke yake. Anayemwona mbwa kuwa hatari tu atauliza kwa nini asiuawe.

Swali hilo limeshajibiwa kwa vitendo. Kisiwani Bali, Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 2008 wakuu wa kisiwa waliua mbwa kwa wingi, na maambukizi yakaendelea kusambaa. Yalipungua kampeni ya chanjo ya kisiwa kizima ilipoanza mwaka 2010. Sababu inaeleweka. Sumu haichagui: inaua mbwa waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, hivyo inateketeza kinga iliyokwisha kulipiwa. Nafasi inayobaki hujazwa upesi na watoto wa mbwa au mbwa wageni. Wenye mbwa nao huwaficha au kuwahamishia kwa ndugu kijiji kingine, na virusi husafiri nao. Juu ya yote hayo, mbwa aliyelishwa sumu hufa kwa mateso ambayo hakuna sheria ya ustawi inayoweza kuyahalalisha. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na Kenya ina sheria dhidi ya ukatili kwa wanyama.

Pwani yetu ina hazina nyingine ya kujengea hoja. Wengi hudhani kuwa fiqhi ya Kishafii, kwa kuwa inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, imemweka mbwa nje ya huruma. Twahara ni suala la ibada na jinsi ya kuosha chombo. Haiondoi haki ya kiumbe. Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayohayo aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenye kumiliki, miongoni mwake kumlisha hata anapozeeka au kuugua akawa hana faida tena. Na hadithi ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana na kila mtoto aliyepita madrasa. Khatibu anayetangaza siku ya chanjo msikitini anasimama juu ya msingi wa dini yake mwenyewe.

Pingamizi mbili

Wapo wanaosema kwamba kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba mfugaji akilipa atajifunza kuwajibika. Wasiwasi huu ni wa haki. Lakini mfugaji anayeacha kazi ya shamba asubuhi nzima, akatembea kilomita kadhaa akivuta mbwa asiyezoea kamba, ameshalipa. Wajibu wake upimwe kwa kumleta mbwa, kumlisha na kutomwacha azurure, badala ya kupimwa kwa noti aliyoitoa.

Wengine wanauliza tunapata wapi ujasiri wa kuchangia mbwa wakati zahanati hazina dawa. Jibu liko kwenye zahanati hizohizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kumhudumia mtu mmoja aliyeng'atwa hugharimu wastani wa dola 108, na katika familia za vijijini sehemu ya mzigo huo ni nauli na siku za kazi zilizopotea kwa safari za kurudia hospitali. Chanjo ya aliyeng'atwa ni lazima iwepo, na iwe bure, maana inaokoa maisha leo. Ila haimzuii mbwa wa kesho kuugua. Anayechangia chanjo ya mbwa anaipunguzia zahanati wagonjwa.

Mchango uelekee wapi

Napendekeza mgawanyo ufuatao. Dozi, sindano na mishahara ya wataalamu zibebwe na serikali kuu na halmashauri, ndani ya bajeti ya afya pamoja na ya mifugo, kwa kuwa sekta zote mbili zinafaidika. Jamii ichangie yale ambayo bajeti haiyafikii: posho ya mratibu wa kijiji, mafuta ya pikipiki, matangazo ya kipaza sauti siku ya gulio, kamba na daftari la mbwa wa kila kitongoji.

Mchango huu una thamani kubwa kuliko kiasi chake, kwa sababu unawezesha jambo ambalo kampeni ya siku moja haiwezi, yaani kuchanja mwaka mzima. Majaribio ya mkoa wa Mara yanaonyesha njia. Utafiti umethibitisha kwamba aina ya chanjo inayotumika sana haipotezi nguvu ikikaa miezi 6 katika nyuzijoto 25, au miezi 3 katika nyuzijoto 30. Kwa hiyo dozi ziliwekwa vijijini ndani ya vyungu vya udongo, ambamo maji yanayochuruzika kwenye udongo na kukauka hupoza kilichomo bila umeme. Mtoto wa mbwa akizaliwa Novemba hasubiri gari la mradi la Julai. Dozi yake iko kijijini.

Uzoefu wa kuchangishana tunao. Kamati za harusi, misiba na vikoba zimetufundisha kuweka ahadi, kumteua mweka hazina na kusoma mapato na matumizi mbele ya watu. Kinachohitajika ni kuongeza kipimo sahihi. Wanaochangia, wawe wanakijiji au Watanzania na Wakenya walio ughaibuni, waonyeshwe ni asilimia ngapi ya mbwa wa kila kitongoji wamechanjwa mwaka huu na mwaka uliopita. Picha ya mbwa mmoja aliyeokolewa hukusanya pesa upesi, na mbwa huyo anastahili kuokolewa. Lakini mfuko unaoendeshwa kwa picha pekee utaokoa mmoja mmoja huku kitongoji cha pembeni kikibaki wazi.

Hitimisho

Nchi nyingi zimeafiki lengo la kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mexico, iliyochanja mbwa bure kwa kampeni za kitaifa miaka mingi mfululizo, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 kuwa nchi ya kwanza kufikia hatua hiyo. Sisi tumeshaona Pemba kwamba hata kwetu inawezekana, na tumeona pia gharama ya kusita. Halmashauri ziondoe ada ya chanjo ya mbwa katika bajeti ijayo, na kila kijiji kiteue mratibu wake na kumlipa kwa mchango wake. Hatua hizo mbili hazihitaji uvumbuzi mpya wala mfadhili mpya, na kila mwaka zinapoahirishwa kuna wazazi watakaozika mtoto aliyeweza kuishi.