Misri Ipi? Herufi za Chapa na Historia ya Maandishi ya Korogwe na Handeni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano kati ya Misri ya kale na herufi za chapa zilizotumika kuandikia Kiswahili, Kizigua na Kishambaa katika eneo la Korogwe na Handeni, mkoani Tanga. Mara nyingi hudhaniwa kwamba herufi zenye miguu mipana, ambazo wenye viwanda vya herufi wa Uingereza waliziita za Kimisri, zilichotwa katika sanaa ya Misri. Tunaonesha kwamba jina hilo lilitokana na biashara, na kwamba uhusiano wenye uzito zaidi kwa lugha zetu ulipitia Berlin, katika kazi ya Richard Lepsius. Tunahitimisha kwa kudai kwamba herufi ya chapa ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kuhifadhiwa na wahariri wa matini, na kuzingatiwa na wasanifu wa fonti.

1. Utangulizi

Historia ya maandishi ya Kiswahili imezoea kuuliza maswali matatu: nani aliandika, aliandika nini, na kwa hati ipi, ya Kiarabu au ya Kilatini. Swali la nne huulizwa kwa nadra: herufi zenyewe zilitoka wapi, na ni nani aliyeamua ziwe ngapi? Kabla ya zama za kompyuta, herufi ya chapa ilikuwa kipande cha madini ya risasi kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kikauzwa kwa uzito na kusafirishwa kwa meli. Sauti isiyokuwa na kipande chake katika kasha la mpanga herufi haikuwa na njia ya kuchapwa kwa alama yake yenyewe, hata kama mwanaisimu aliisikia barabara.

Korogwe na Handeni ni mahali panapofaa kuuliza swali hilo. Kizigua, Kishambaa na Kibondei hukutana hapo na Kiswahili. Katika kipindi cha ukoloni wa Kijerumani, Waanglikana wa misheni ya UMCA walifanya kazi miongoni mwa Wabondei na Wazigua, na Walutheri wa misheni ya Bethel walikuwa katika milima ya Usambara, pamoja na Vuga, makao ya watawala wa Kikilindi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Vitabu kuhusu lugha za eneo hili vilichapwa Unguja, Magila, London na Hamburg, na kila mji ulikuwa na kasha lake la herufi.

2. Jina lisilosoma hati

Tuanze na zile zinazoitwa herufi za Kimisri. Ni herufi za Kilatini ambazo vijimstari vya mwisho wa mihimili yake, tutakavyoviita miguu, ni vinene na vimekatwa mraba. Vincent Figgins wa London alizionesha katika orodha yake ya sampuli yenye tarehe ya 1815, akaziita za kale. Mwaka 1816 kiwanda cha Caslon kilionesha herufi iliyoitwa ya Kimisri, lakini herufi hiyo haikuwa na miguu kabisa. Muda mfupi baadaye William Thorowgood, aliyenunua kiwanda cha Robert Thorne mwaka 1820, aliuza zile zenye miguu kwa jina lilelile la Kimisri. Kwa hiyo, ndani ya miaka michache, jina moja lilitajia maumbo mawili yaliyo kinyume. Mwanasemantiki atatambua mara moja kwamba jina la namna hiyo halielezi sifa ya kitu kinachotajwa. Linaeleza hamu ya mnunuzi.

Hamu hiyo ilikuwa na chanzo kinachojulikana. Uvamizi wa Napoleon nchini Misri mwaka 1798 uliambatana na kundi la wataalamu, na matokeo ya uchunguzi wao yalianza kuchapishwa Paris mwaka 1809. Jiwe la Rosetta lilikuwa limewekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza tangu 1802. Nyumba, samani na maonesho vilipambwa kwa taswira za Misri. Hata hivyo, Jean-François Champollion alitangaza msingi wa kusoma hieroglifi mnamo Septemba 1822, yaani miaka 6 baada ya sampuli ya Caslon. Waliozipa herufi hizo jina la Misri hawakuweza kusoma neno hata moja la Kimisri cha kale, na hawakuhitaji kuweza.

Hali hiyo ilijirudia karne moja baadaye. Kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa mnamo Novemba 1922, hamu ya mambo ya Misri iliwaka upya. Mwaka 1929 kiwanda cha Stempel cha Ujerumani kilitoa herufi ya miguu mipana iliyosanifiwa na Rudolf Wolf na kuitwa Memphis. Nyingine zilifuata kwa majina kama Karnak na Cairo. Rockwell ya kampuni ya Monotype, iliyotoka mwaka 1934, ina umbo la ukoo huohuo bila jina la Misri, na hakuna anayehisi kwamba imepungukiwa na kitu. Aliyetaka kujua Misri imechangia nini katika herufi hizi atapata jibu hapo.

3. Lepsius: hieroglifi na lugha za Afrika

Karl Richard Lepsius aliongoza msafara wa Prussia nchini Misri kati ya 1842 na 1845, akawa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya Misri nchini Ujerumani. Chini ya uangalizi wake, mchongaji Ferdinand Theinhardt wa Berlin alitengeneza herufi za chapa za hieroglifi, ambazo orodha yake ilichapishwa mwaka 1875. Hizi zilikuwa herufi zilizochotwa Misri kwa maana halisi: kila kipande kiliwakilisha ishara iliyochunguzwa, ili matini ya Kimisri iweze kuchapwa katikati ya sentensi ya Kijerumani.

Lepsius huyohuyo ndiye aliyependekeza, mwaka 1855, alfabeti sanifu kwa ajili ya lugha alizoziona kuwa hazijaandikwa. Toleo lililopanuliwa lilitoka mwaka 1863. Kanuni yake ilikuwa kwamba sauti moja sahili iwakilishwe na alama moja. Pale herufi za Kilatini zilipopungua, aliongeza nukta, vistari na herufi kadhaa za Kigiriki. Kwa mfumo huo *shamba* lingeandikwa *šamba*, *ng'ombe* angekuwa *ṅombe*, na sauti ya *gh* katika *ghali* ingepewa alama *γ*. Ni mfumo wa mtu aliyezoea mawazo ya karakana: ikiwa ishara inahitajika, ichongwe.

Carl Meinhof alirithi mfumo huo, akaurekebisha kwa ajili ya isimu ya Kibantu. Kupitia kwake uliingia katika maelezo ya lugha za eneo letu. Sarufi ya Kishambaa ya Karl Roehl, mmisionari wa Bethel, ilichapishwa Hamburg mwaka 1911. Kamusi ya Kishambaa ya LangHeinrich ilifuata, hapohapo Hamburg, mwaka 1921. Kwa hiyo, msomi wa Korogwe anayetafuta ukoo wa alama zilizotumika katika vitabu vya namna hiyo kuandika lugha ya bibi yake atafika hatimaye kwenye meza ya mtaalamu wa Misri.

Ukoo huu hauna haja ya kusifiwa kupita kiasi. Mfumo wa Lepsius ulijengwa juu ya dhana kwamba lugha za Afrika hazina maandishi, ilhali barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu zilikuwa tayari zikipita katika njia za misafara kati ya pwani na bara. Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa *Habari za Wakilindi*, alitoka katika utamaduni huo wa kusoma na kuandika. Kazi yake, inayosimulia Mbega kutoka Nguu hadi kutawala Usambara, ilichapwa sehemu kwa sehemu na misheni ya UMCA huko Magila kati ya 1895 na 1907, kabla ya kuhaririwa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962. Hakusubiri alfabeti kutoka Berlin ili awe mwanahistoria.

4. Kasha la Unguja na Magila

Njia ya pili ilikuwa ya Edward Steere. Mwaka 1867 alichapa Unguja mkusanyo wake wa Kishambaa, na mwaka 1870 kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kikatoka London. Katika mfumo wake irabu zilisomeka takribani kama za Kiitaliano na konsonanti kama za Kiingereza. Sauti zilizopungukiwa na herufi zilipewa muungano wa herufi mbili: *ch*, *sh*, *th*, *dh*, *gh*. Nazali ya kaakaa laini iliandikwa *ng'*, kwa kuongeza alama ambayo kila mchapaji wa Kiingereza alikuwa nayo. Mfumo mzima uliweza kupangwa kwa kasha la kawaida lililonunuliwa Uingereza, bila kuagiza kipande hata kimoja cha ziada.

Mfumo wa herufi za kawaida ndio uliofika Handeni. Mkusanyo wa Kizigua wa H. W. Woodward ulichapwa Msalabani, yaani Magila, mwaka 1902, na kamusi ya Kizigua na Kiingereza ya W. H. Kisbey ikafuata mwaka 1906. Tofauti kati ya vitabu hivi na vile vya Hamburg imezoeleka kuelezwa kama tofauti ya ujuzi wa fonetiki. Maelezo hayo hayatoshi. Hamburg ilichapa kwa ajili ya wanaisimu, ikiwa na viwanda vilivyoweza kuchonga alama. Magila ilichapa kwa ajili ya wanafunzi na walimu, kwa vipande vilivyokuwapo. Tahajia ya kila upande ilikuwa pia hesabu ya gharama.

Hesabu hiyo iliendelea chini ya Waingereza. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi mpya, pamoja na *ŋ*, zichukue nafasi ya nukta na vistari. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisanifisha Kiswahili bila *ŋ*. Mazoea ya Steere yakawa sheria.

5. Taipureta: Kimisri kinaingia ofisini

Hapa ndipo herufi za miguu mipana zinaporudi. Katika taipureta ya kawaida kila herufi hupewa nafasi ya upana uleule. Herufi nyembamba kama *i* na *l* huacha mwanya mkubwa pande zote mbili. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuzipa miguu mirefu ili zijaze nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo ya kimitambo, umbo lililobuniwa London kwa ajili ya matangazo likawa umbo la barua za ofisi duniani kote, zikiwamo za maofisa wa wilaya, shule na mahakama nchini Tanganyika. Kwa watu wengi, barua rasmi ya kwanza waliyoishika ilikuwa na miguu ya Kimisri, na hakuna aliyewaambia.

Taipureta hiyohiyo haikuwa na *ŋ* wala *γ*, lakini ilikuwa na alama ya *'*. Karani hakuhitaji kujua lolote kuhusu Lepsius au Steere; kitufe kilikwisha kumwamulia. Kizigua, ambacho utafiti wa Kisseberth na Kenstowicz umeonesha kuwa ni lugha ya toni, kilipitia kwenye mashine isiyokuwa na mahali pa kuweka toni. Athari za uamuzi huo zingali nasi. Katika programu nyingi za kompyuta alama ya *'* huhesabiwa kuwa kituo cha uandishi, na neno *ng'ombe* hukatwa vipande viwili, *ng* na *ombe*. Mtafiti anayehesabu maneno katika kongoo la Kiswahili bila kurekebisha jambo hili anahesabu ubanifu wa matumizi wa karne ya 19.

6. Kusanifu fonti leo

Msanifu anayetaka leo kutengeneza fonti iliyoongozwa na utamaduni wa Misri ya kale ana angalau njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kufuata jina: kunenepesha miguu na kupamba herufi kwa piramidi. Tumeona kwamba njia hiyo inaishia London.

Ya pili ni kufuata ishara zenyewe. Mfano bora ni herufi za hieroglifi alizozisimamia Alan Gardiner kwa ajili ya sarufi yake ya 1927. Michoro yake ilifanywa na Nina na Norman de Garis Davies kwa kufuata picha za makaburi ya Thebes ya nasaba ya 18. Orodha ya Gardiner ndiyo iliyokuwa msingi wa alama 1,071 zilizoingizwa katika Unicode mwaka 2009. Kazi ya namna hii humtaka msanifu asome kabla ya kuchora.

Ya tatu ni kufuata nasaba ya alfabeti. Maandishi yaliyopatikana Serabit el-Khadim, Sinai, mwaka 1905 yalimwezesha Gardiner kudai, mwaka 1916, kwamba wasemaji wa lugha ya Kisemiti walichukua picha za Kimisri na kuzipa thamani ya sauti ya kwanza ya majina yake katika lugha yao. Kichwa cha ng'ombe kikazaa *A* na alifu. Mawimbi ya maji yakazaa *M* na mimu. Kwa bahati tu, neno *maji* nalo huanza kwa sauti hiyohiyo. Lakini si bahati kwamba hati zote mbili za Kiswahili, ya Kiarabu na ya Kilatini, zinakutana katika shina hilo moja. Fonti inayopanga hati hizo mbili kwa uzito na mwendo unaolingana, ili matini ya Kiswahili isomeke kwa zote mbili katika ukurasa mmoja, ingeidai Misri kwa haki zaidi kuliko fonti yenye mapambo ya piramidi.

Kwa upande wa lugha za Korogwe na Handeni, kikwazo cha madini kimekwisha. Andika, fonti ya SIL yenye jina la Kiswahili na iliyokusudiwa wanaojifunza kusoma, ina *ŋ* na alama za toni bila gharama ya ziada.

7. Hitimisho

Hoja ya makala haya si kwamba tahajia ya Kiswahili ibadilishwe. Tahajia iliyozoeleka na mamilioni ya wasomaji ina thamani yake. Hoja ni kwamba mipaka yake isichukuliwe kuwa mipaka ya lugha, na kwamba mwandishi wa Kizigua au Kishambaa asilazimishwe kurithi kasha lililofungwa Unguja katika karne ya 19. Wahariri wa matini za zamani nao wanapaswa kueleza, pamoja na jina la mwandishi na mwaka wa chapa, ni herufi zipi zilikuwapo katika chapa ya kwanza na zipi zimebadilishwa katika toleo lao. Bila taarifa hiyo, msomaji hawezi kujua kama anachokiona ni uamuzi wa mwandishi, sikio la mmisionari, au upungufu wa kasha la mpanga herufi.