Ghuba Iliyokauka, Samaki Waliorudi

Ukitaka kujua Ghuba ya Ferguson ina samaki wangapi, sema kwanza ni mwaka gani. Bila mwaka, swali hilo halina jibu.

Ziwa Turkana halina mto wa kutolea maji. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, kisha jua huyanywa. Mvua ikipungua kule milimani, ziwa hushuka. Na ghuba, yenye kina cha mita chache tu, ndiyo hutangulia kukauka.

Uvuvi hapo ulipewa msukumo na serikali baada ya njaa ya 1961. Mwaka 1976 ziwa lilitoa takriban tani 17,000 za samaki, wengi wao tilapia wa ghuba hii. Basi Wanorwe wakafadhili kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol, kikawa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wafugaji waliofilisiwa na ukame wa 1979–1981 nao wakasogea ziwani. Katikati ya muongo huo, ghuba ikakauka. Kiwanda kilikuwa kimefanya kazi kwa muda mfupi tu.

Je, samaki waliisha? La. Maji yaliporudi, tilapia nao wakarudi. Mtafiti Jeppe Kolding, aliyewachunguza hapo ghubani, alieleza siri yao: maisha yakiwabana, huanza kuzaa wangali wadogo. Tena jike hulea mayai mdomoni, kwa hiyo wachache waliobaki ziwani hutosha kuijaza ghuba upya.

Mwaka 1973 mwanaikolojia C. S. Holling alikuwa ameshatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kutobadilika, na kuweza kupigwa ukasimama tena. Tilapia wa Ferguson hawana lile la kwanza kabisa, lakini la pili wanalo tele. Ukiwapima kwa tani za mwaka mmoja, utawaona matajiri au maiti. Tani hizo zenyewe hutegemea pia idadi ya wavuvi na nyavu. Kipimo cha haki kinataka miaka mingi: kima cha maji, samaki kwa kila wavu, ukubwa wa jike anayeanza kuzaa, na muda wanaochukua kurudi.

Hesabu hii bado ina uzito. Bwawa la Gibe III lilianza kujazwa mwaka 2015, na sasa mafuriko ya Omo yana mkono wa binadamu. Miaka michache baadaye mvua kubwa zilipandisha ziwa hadi likameza makazi ya ufuoni. Samaki amezoea maji yanayokwenda na kurudi; yakizuiwa yasipande wala kushuka, ustadi wake wa kurudi utamfaa nini? Na mvuvi aliyeuza mbuzi wa mwisho anunue nyavu hana uwezo wa kungoja miaka kumi. Kwake, ghuba iliyokauka mwaka huu ni njaa ya mwaka huu.