Udongo Utokao Shimoni

Mtu apitaye mjini akaona jumba refu husifu kimo chake. Ni wachache wanaolifikiri shimo lililotangulia. Hata hao wachache huwaza juu ya kuchimba tu. Leo twataka kuwaeleza, wasikilizaji wetu, na ninyi wanafunzi mtakaosoma maneno haya kijitabuni, habari za kazi ya pili, ambayo mara nyingi hushinda ile ya kwanza kwa ugumu, yaani kazi ya kuutoa udongo. Katika kiwanja kilichobanwa na nyumba pande zote, shida kubwa ni kuupandisha udongo, kuupitisha, na kuupatia mahali pa kukaa.

Kwanza na tufanye hesabu. Tuseme mwenye kiwanja ataka chumba cha chini ya ardhi, urefu wake mita 30, upana mita 20, kina mita 10. Shimo hilo lina mita za ujazo 6,000. Lakini udongo ukichimbuliwa huvimba, maana ulikuwa umeshindiliwa miaka mingi, na sasa umepata nafasi na hewa ndani yake. Kila aliyechimba shimo la mgomba ameona kwamba tuta la kando huonekana kubwa kuliko shimo lenyewe. Udongo ukivimba kwa robo yake, zile mita zimekuwa 7,500. Lori lichukualo mita 10 litakwenda safari 750. Na zikienda safari 30 kila siku, kazi hiyo itakula siku 25. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hulimaliza shimo.

Sasa tuitazame njia ya kutokea. Mchimba kisima huanza kwa kurusha udongo nje kwa beleshi. Shimo likipita kimo chake, beleshi halifiki tena. Ndipo huhitaji kamba, ndoo na kapi, na wenzake wa kuvuta juu. Tangu hapo mwendo wa kazi haupimwi kwa nguvu ya mwenye sururu, bali kwa wepesi wa ndoo.

Jambo hilohilo liliwakabili wahandisi wa miji mikubwa. Mwaka 1825, mhandisi Marc Brunel alianza kupitisha njia chini ya mto Thames, mjini London. Hakuchimba shimo kwanza kisha akajenga ukuta. Alijenga mviringo wa matofali juu ya ardhi, upana wake mita 15 hivi, umekalia pete ya chuma. Watu wakachimba ndani yake, na mviringo ule ukazama polepole kwa uzito wake wenyewe, ukizuia udongo wa kando usiwaangukie. Juu yake iliwekwa mashine ya mvuke ya kupandisha udongo. Kazi ile haikuwa salama: mto ulivunja ukaingia, na katika Januari 1828 watu sita walikufa. Njia ilifunguliwa mwaka 1843, na treni zapita humo hata leo. Wale wanaozamisha pete za saruji wachimbapo visima vijijini kwetu wafuata kanuni ileile.

Hapa kwetu kando ya Ziwa, mfano wa zamani ni Geita. Tangu mwaka 1936 hata 1966 dhahabu ilichimbwa huko chini ya ardhi. Mawe yenye dhahabu yaliyovunjwa yalipaswa kupandishwa juu. Mgodi hauwezi kula zaidi ya unavyoweza kutema.

Siku hizi mjini hutumika mitambo ambayo mafundi huiita vijiko. Kijiko hushuka shimoni kwa njia ya mteremko iliyoachwa katika udongo wenyewe, na malori hupanda kwa njia hiyohiyo. Lakini mwisho wa kazi njia nayo ni udongo, nayo lazima iondolewe. Hapo kijiko hurudi nyuma kikiikata njia kinayoikanyaga; au vijiko viwili hupokezana, mmoja chini na mwingine juu; au winchi huteremsha ndoo kubwa ya chuma, kama tufanyavyo kisimani. Mjenzi asiyeliwaza jambo hilo mapema huona mtambo wake umebaki shimoni bila njia ya kutoka.

Tena kuna jambo lililo zito kuliko yote. Udongo haukai bure mahali ulipo, umeshika kitu. Umeibeba nyumba ya jirani, na barabara, na bomba la maji. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Kwa hiyo tuta likilundikwa ukingoni mwa shimo, lausukuma ukuta uangukie ndani juu ya vichwa vya wachimbaji. Mjini New York, majumba ya World Trade Center yalipoanza kujengwa katika miaka ya 1960, mafundi walitangulia kujenga ukuta wa zege chini ya ardhi kuzunguka sehemu kubwa ya kiwanja, unene wake karibu mita moja, ndipo wakautoa udongo uliokuwa ndani. Ukuta kwanza, shimo baadaye.

Twajua pia huzuni ya nchi yetu. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi, watu wakiwa katika biashara zao. Walikufa watu zaidi ya 20. Baadhi ya waliokuwapo walieleza kwamba kazi ya kupanua nafasi ya chini ya jengo ilikuwa imeanza. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na kuhukumu si kazi yetu. Lakini kila mwenye nyumba yapasa ajue kwamba anayechimba chini ya msingi aiondoa miguu ya nyumba.

Yabaki kuuliza udongo uende wapi. Ule wa New York, zaidi ya mita za ujazo 900,000, haukusafirishwa mbali. Ulimwagwa kando ya mto Hudson, karibu na kiwanja, ikapatikana nchi kavu mpya ya ekari 23 hivi, ambayo leo ina nyumba na bustani. Lakini udongo usiotunzwa hurudi. Huko Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka tarehe 7 Novemba 2022, na tope likafunika nyumba na mashamba ya wanakijiji.

Sisi wa Mkuyuni, na wenzetu wote wa Mwanza wanaokata vilima kati ya miamba wapate kiwanja, tuna shimo letu pia, ingawa halina winchi. Udongo tunaousukuma mteremkoni hungoja mvua tu. Mvua ikija, hushuka kwa jirani wa chini, huziba mitaro, na mwisho wake ni Ziwani. Basi kabla jembe halijapigwa, mjenzi na ajiulize maneno matatu: udongo huu umeshika nini, utatoka kwa njia gani, na utalala wapi. Mwenye majibu na achimbe. Asiye nayo na amwite kwanza fundi ajuaye, maana gharama ya kuuliza ni ndogo kuliko ya kufukua watu.