Unga Ulivyofika Buyenzi

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Kiswahili ndicho lugha ya msikitini, sokoni na kwenye gereji ambako magari mabovu ya nusu ya jiji huletwa kufufuliwa. Humo, kama ilivyo Bwiza na mitaa mingine, heroini huitwa boost. Kwa watu wa Dar es Salaam na Mombasa ni unga. Burundi hailimi mpopi wala haina bahari, hivyo kila kete inayouzwa hapo imetoka mbali, na historia ya safari yake ni ndefu kuliko historia ya jiji lenyewe.

Mwaka 1858 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Uvira, ng'ambo ya Bujumbura ya leo, mahali ambapo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekomea upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Biashara ilikuwa ya pembe na watumwa. Mwaka huohuo, baada ya kupigwa vitani, China ililazimika kuitoza ushuru afyuni, utomvu wa mpopi unaotengenezewa heroini, iliyokuwa imeipiga marufuku tangu 1729, yaani kuihalalisha.

Chanzo cha biashara hiyo ya afyuni kilikuwa chai. Waingereza waliipenda, Wachina waliiuza kwa fedha, nayo Uingereza haikuwa na bidhaa ambayo China iliihitaji sana. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ikahodhi afyuni ya Bengal, ikaipiga mnada Calcutta, kisha ikawaachia wafanyabiashara binafsi, Jardine Matheson wakiwemo, waipenyeze Canton kwa magendo. Kampuni ilibaki na mikono misafi kwenye karatasi. Serikali ya India nayo ikapata chanzo cha mapato ambacho hakuna gavana aliyetaka kukigusa.

Mkulima wa China aliumia hata kama hakuwahi kushika kiko. Alipata mapato yake kwa sarafu za shaba, lakini kodi yake ilipimwa kwa fedha. Fedha ilipotoka nchini kulipia afyuni ilipanda thamani, na kodi ileile ikaanza kudai shaba nyingi zaidi. Askari walivuta, makarani walivuta, watoza kodi walivuta. Mwaka 1839 kamishna Lin Zexu alikamata makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni, akachimba mashimo Humen, na mwezi Juni, kwa takriban wiki tatu, vibarua wakachanganya afyuni na maji, chumvi na chokaa kabla ya kuifungulia iende baharini. Jibu la London lilikuwa manowari. Mkataba wa Nanking wa 1842 uliwapa Waingereza Hong Kong na fidia ya dola milioni 21. Neno afyuni lilitajwa humo kwa sababu ya fidia tu.

Baada ya 1858 Wachina wenyewe wakalima. Mashamba ya Sichuan na Yunnan yalienea hadi, kufikia mwisho wa karne, afyuni ya nyumbani ikaizidi mbali ile ya India. Ilipofika 1907, Uingereza ilipokubali kupunguza mauzo mwaka hadi mwaka, China ilikuwa na watumiaji wake, wakulima wake na wakubwa wake wa biashara.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kama njia. Miaka ya 1980 heroini ya Asia ilipita Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam ikielekea Ulaya. Lakini mzigo unaopita huacha makombo: mbebaji hulipwa sehemu ya alichobeba, naye lazima amtafute mnunuzi karibu. Malindi, mji wa watalii, vijana walianza kuvuta brown sugar, yaani heroini ya kahawia, ndani ya sigara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja heroini nyeupe, inayoyeyuka kwa urahisi majini, na sindano zikaanza. Hapo ndipo maneno teja (mraibu) na arosto (maumivu ya kuikosa dawa) yalipohama kutoka maskani hadi magazetini.

Ukubwa wa mkondo wenyewe ulionekana Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilipokamata zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi moja karibu na pwani ya Kenya. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipelekwa Marekani mwaka 2017 na kuhukumiwa vifungo vya miaka 25 na 23. Hao ni miongoni mwa wachache waliofikishwa mahakamani.

Bujumbura iko mwisho wa barabara. Sehemu kubwa ya mizigo yake ya halali hupitia bandari ya Dar es Salaam, na ya haramu haina sababu ya kudharau njia za wenzake. Kinachofika huku ndicho kilichopita mikono mingi zaidi, na kila mkono umechukua chake. Sindano za kushirikiana zimeleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Chama cha BAPUD, kilichoundwa na watu wanaoijua dawa hii kwa miili yao, ni miongoni mwa wanaowafikia watumiaji. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni mwaka 2011: mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na arosto hutulia. Kenya ilifuata miaka michache baadaye.

Chanzo cha mto huu, Afghanistan, nacho kimetikisika. Taliban walipiga marufuku mpopi Aprili 2022, na mashamba yake yakaporomoka kutoka hekta 233,000 mwaka huo hadi 10,800 mwaka 2023. Unga haukutoweka mitaani, kwa kuwa maghala yalikuwa na akiba ya mavuno ya nyuma. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitahadharisha kwamba bidhaa ikipungua, wauzaji huichanganya na vitu vingine au kuleta dawa mbadala zilizo hatari zaidi, na mnunuzi aliye mbali na bahari ndiye mwenye uwezo mdogo kabisa wa kujua kete yake ina nini.